Mwaka Huu Sikuacha Soda

Kwa miaka tisa mfululizo, kila Kwaresima ilipofika niliacha soda. Si kwamba nilikaa nikatafakari, nikamwuliza Roho Mtakatifu, naye akanijibu "soda". Nilianza mwaka ule nilipopata kazi hapa Dar es Salaam, kwa sababu dada niliyepanga naye chumba Tabata alikuwa ameacha soda, nami sikutaka kuonekana Mkatoliki wa nusu. Mwaka uliofuata nikaendelea kwa mazoea. Siku ya Pasaka, tukishatoka Misa, nilikuwa nazibugia mbili za baridi bila kupumua, tena najiona nimepigana vita nikashinda.

Soda si kitu kibaya kuacha. Wapo wanaoiacha kwa shida, na ile fedha wakaitia kwenye bahasha ya sadaka ya Kwaresima siku kwa siku. Bahasha yangu mimi huwa naijaza asubuhi ya kuirudisha, kwa noti yoyote niliyoikuta kwenye pochi. Kwa hiyo soda nisiyoinywa mimi haikumfaa mtu. Na kuna jambo ambalo nimechelewa kulikiri: mimi wala si mpenzi wa soda. Nipe soda na dafu, nitachukua dafu.

Mwaka huu nao nilikuwa nimeshapanga kuiacha. Sikuwa na wazo jingine.

Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari. Majivu tunayopakwa siku hiyo hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, na wiki mbili kabla paroko alishatangaza tuyarudishe kanisani yakachomwe. Langu nililikumbuka Jumanne usiku, nikiwa napiga pasi. Lilikuwa palepale nilipolichomeka mwaka jana, nyuma ya msalaba juu ya mlango, limekauka na buibui amelijengea. Lipo hadi leo. Majivu niliyopakwa mimi yalitoka kwenye matawi ya watu wenye kumbukumbu.

Nilikwenda Misa ya saa kumi na mbili asubuhi ili niwahi kazini. Kila mwaka kuna kitu katika Misa hiyo kinachonichekesha kimoyomoyo. Injili ni ile ya Mathayo sura ya 6, Yesu anawasema wanaofunga huku wamekunja sura ili watu wawaone: "Bali wewe ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso." Tunaisikiliza kwa utulivu, padre anahubiri, halafu tunapanga mstari na kupakwa masizi kwenye paji la uso. Kisha tunapanda daladala. Asubuhi ile tulikuwa sita tuliopakwa kwenye gari moja, na tuliangaliana kama watu wa ukoo mmoja waliokutana ugenini. Mama mmoja aliyevaa sare ya benki alitoa kitambaa, akajitazama kwenye simu, akafuta taratibu. Mimi nikaacha yangu. Sijui kama ilikuwa imani au majivuno, na sikujiuliza sana.

"Kumbuka, ewe mwanadamu, u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi." Padre wetu ana kidole gumba kizito, ukitoka mbele yake unajua umepakwa.

Mlinzi wa getini ofisini kwetu ni mzee wa Kiislamu, mtu wa Rufiji, na Ramadhani mwaka huu imeanza wiki hiyohiyo ya Majivu. Mwaka jana vilevile zilipishana kwa siku chache tu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Naona nanyi mmeanza."

"Tumeanza leo, mzee."

"Mnafuturu saa ngapi?"

Nikababaika. Nikamweleza kwamba siku kama ya leo sisi tunakula mlo mmoja wa kushiba, na vingine viwili vidogo ambavyo ukivijumlisha havifikii ule mkubwa. Na hatuli nyama. Mzee akanisikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama, kama anayesikiliza maelezo ya mgonjwa.

"Mwanangu," akasema, "hiyo mbona ndiyo ratiba yangu ya miezi yote?"

Tulicheka wote wawili, ila mimi nilipanda ngazi kicheko kikiwa kimeniishia njiani. Maana alikuwa na haki. Sheria ya kufunga tuliyonayo leo imetokana na hati ya Papa Paulo wa VI iitwayo Paenitemini, ya tarehe 17 Februari 1966. Yaani Majivu ya mwaka huu yalikuja siku moja baada ya hati hiyo kutimiza miaka 60. Kabla yake, Wakatoliki walifunga siku zote za Kwaresima isipokuwa Jumapili. Sasa zimebaki siku mbili za lazima, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mtu mwenye miaka 18 hadi 59. Kuacha nyama kunamhusu kila aliyetimiza miaka 14. Papa hakupunguza ili tustarehe. Alituachia tuchague wenyewe, kila mtu na uhai wake, namna ya kutubu, ya kusali na ya kumjali maskini. Tulipewa uhuru mkubwa kiasi hicho, nami nikachagua soda.

Bibi yangu mzaa baba aliishi katika ule utaratibu wa zamani, na nadhani hakuwahi kuuacha. Sisi ni watu wa Kilema, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ambako Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1890. Bibi alipika mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ya kuuza mwaka mzima, Kwaresima ikiwemo, lakini kuanzia Majivu hadi Pasaka hakuonja hata tone. Wateja walikuwa wanamtania: utajuaje kama imeiva? Anajibu kwamba pua yake haijafunga. Alipopita miaka 60 na sheria ikawa haimbani tena, aliendelea vilevile. Ukimwuliza, anakutazama kama umemwuliza kwa nini anapumua.

Lakini si mbege iliyonirudishia bibi mwaka huu. Nitafika huko.

Ijumaa ya kwanza, tarehe 20, nilikuwa na zamu ya kusoma somo la kwanza katika Misa ya jioni kabla ya Njia ya Msalaba. Nimekuwa msomaji kwa miaka kadhaa sasa, na najua kosa letu sisi wasomaji: tunafanya mazoezi ya matamshi na pumzi, lakini maana yenyewe ya somo tunaiacha mimbarini. Somo la siku hiyo ni Isaya sura ya 58, pale watu wanapomlalamikia Mungu kwamba wamefunga naye haoni, naye anawajibu ni saumu gani aliyoichagua. Kufungua vifungo vya uovu. Kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kumvika aliye uchi. Nilikuwa naenda vizuri, sauti imetulia, na sentensi ikaishia hivi: "wala usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe."

Nikamaliza, nikasema "Neno la Bwana", watu wakajibu "Tumshukuru Mungu", nikarudi kwenye benchi. Lilianza kuniuma nikiwa nimeshakaa. Njia ya Msalaba ikaanza. "Ee Yesu, tunakuabudu, tunakushukuru," nami nilipiga magoti na kusimama vituo vyote kumi na vinne bila kujua tuko cha ngapi, kwa sababu kichwani nilikuwa nimesimama uani kwetu Kilema, mbele ya visiki vya migrevilea.

Baba alifariki mwaka 2020. Kwa desturi yetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki nyumbani kwa wazazi, kwa hiyo kihamba, yaani shamba la ukoo, na nyumba viko mikononi mwa mdogo wangu, anayeishi pale na mama. Mimi nilituma fedha za bati na saruji, na kwa kutuma fedha nikajiona nina kura. Septemba 2022 nikasikia kwa watu kwamba ameangusha migrevilea kumi na moja, ile ambayo baba aliipanda mstari juu ya mfereji, akauza mbao. Hakuniambia. Hakumwambia mtu yeyote mjini. Nikaingia kwenye grupu la ukoo, lenye watu arobaini na watatu, shangazi, baba wadogo, mabinamu walioko Nairobi na mmoja aliyeko Ujerumani, nikaandika aya ndefu. Sitairudia hapa. Neno la mwisho lilikuwa "mwizi".

Akajitoa kwenye grupu. Baada ya miezi miwili baba mdogo akamrudisha, naye hajaandika kitu humo hadi leo.

Tangu hapo zimepita Krismasi nne. Nyumbani tunakwenda, Mchaga na Desemba yake huwaachanishi, lakini tunapishana uani kama wapangaji wenye mgogoro wa luku. Nikimpigia mama, mara nyingine simu inapokelewa na yeye kwa sababu mama yuko bandani. Nasikia pumzi, nasikia kuku, kisha namsikia akisema pembeni, "Mama, simu yako." Hata jina langu halitaji.

Kuhusu miti, mpaka leo sijui fedha ilikwenda wapi. Ningependa kukuambia kwamba baadaye niligundua alimtibia mama, hadithi ikaisha vizuri. Sijagundua kitu. Inawezekana kabisa alikosea. Na kwa miaka hii minne hilo ndilo limekuwa godoro langu: inawezekana alikosea, kwa hiyo naweza kulala.

Sasa bibi. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Mbuzi wa bibi walikuwa wameingia kwa jirani wakala maharage, jirani akaja kusema, na bibi badala ya kuomba radhi akamtajia mambo ya marehemu mama yake. Maneno mabaya. Wakawa hawasalimiani, wanapishana njia ya kanisani kila mmoja na upande wake. Asubuhi moja ya Kwaresima bibi akaniita, akatoka nami hadi mpakani, akakata jani la isale. Kwa asiyelijua: isale ni mmea wa majani marefu membamba, tunaupanda kuonyesha mpaka wa kihamba na kihamba. Kung'oa masale ya mtu ni uovu mkubwa. Na jani la mmea huohuo ndilo linalobebwa kwenda kuomba radhi. Unalifunga fundo, unalipeleka kwa uliyemkosea, naye akishaletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Sijui wazee waliwaza nini kuchagua mmea wa mpaka kuwa mmea wa kuvuka mpaka, lakini waliwaza.

Bibi akalifunga. Nikafikiri nitatumwa mimi, maana watoto ndio miguu ya wazee. Nikanyoosha mkono. Bibi akasema, "Wewe nisindikize tu. Hili linabebwa na mwenye mdomo." Tukaenda, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma. Walichozungumza sikukisikia, nilibaki nje na mbwa wao. Nakumbuka tu kwamba tulirudi na mkungu wa ndizi ambao ilinibidi niubebe mimi.

Basi usiku ule wa Ijumaa nilirudi nyumbani, nikala ugali na mlenda, nikajaribu kuwa mwaminifu angalau kwa nafsi yangu. Kila Kwaresima nakwenda kitubio. Na kila mara, tangu 2022, nimekuwa nikimwambia padre sentensi ileile: "Nimekosana na mdogo wangu." Hebu itazame sentensi hiyo. Kiswahili kinatusaidia sana kujificha. Ukishasema kukosana, kosa limegawanywa katikati kama mkate, kila mtu ana kipande chake, na hakuna aliyeanza. Sikuwahi kusema "nimemkosea". Herufi ni chache tu, lakini ukisema la pili unabaki peke yako katikati ya chumba. Padre naye atajuaje? Anasikia watu hamsini jioni hiyo, anakupa Baba Yetu tatu na Salamu Maria tatu, unaondoka.

Nikasema nitampigia Jumamosi. Jumamosi nikafua. Jumapili ilikuwa ya kwanza ya Kwaresima, Injili ya Yesu kujaribiwa jangwani, nikatoka nimejaa nguvu, halafu tukawa na kikao cha jumuiya. Kikao cha jumuiya ndogo ndogo kikianza kuzungumzia michango ya Pasaka hakiishi mapema. Jumatatu, Jumanne na Jumatano nilikuwa na visingizio vizuri ambavyo nimevisahau. Nilikuwa nakunywa soda mchana, kusema kweli. Nadhani nilikunywa nyingi kuliko Februari yoyote.

Kilichonikwamisha hasa nitakieleza, kwa sababu nadhani wengine nao wanakwama hapohapo. Nilikuwa nimeipanga Kwaresima hii iwe yangu binafsi. Mathayo 6 inataka hivyo: sadaka yako iwe sirini, sali mlango umefungwa, funga watu wasijue. Nami napenda siri, siri hainidai kitu mbele ya watu. Nikawaza nimpigie kimya kimya, tuelewane wawili, yaishe. Lakini tusi sikulitoa sirini. Nililitoa mbele ya watu arobaini na watatu. Nikimwomba radhi chumbani, wale arobaini na mmoja wataendelea kubaki na "mwizi" kichwani mwao, na kila akisimama kwenye msiba kuchanga wataendelea kuitazama mikono yake.

Alhamisi jioni nikapita barabarani Mwenge, pale wanapouza maua kwenye vyungu. Masale yapo, wanayauza kama mapambo ya sebuleni. Nikasimama. Nikawaza: ninunue, nilifunge jani fundo, nilipige picha, niitume kwenye grupu, kila Mchaga aliyemo ataelewa bila maelezo. Wazo lilinipendeza mno, na hapo ndipo nilipolitilia shaka. Bibi angeniuliza picha hiyo ina miguu mingapi. Nikapanda gari nikaenda zangu.

Ijumaa, tarehe 27, sikuwa na zamu. Nilikaa benchi la nyuma, nasikiliza kama watu wengine. Injili ya siku hiyo kila mwaka ni ileile, Mathayo 5: ukileta sadaka yako madhabahuni, "na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako", iache hapo, uende upatane naye kwanza. Nimeisikia tangu utotoni, na tangu utotoni nimekuwa nikiisikia kinyume. Nilidhani inasema kama mimi nina neno juu ya ndugu yangu. Ya miti, kwa mfano. Kumbe haiulizi habari ya miti. Inauliza kama yeye ana neno juu yangu, na neno hilo nalijua, lina silabi mbili, nililiandika mwenyewe.

Sikungoja Njia ya Msalaba. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje, karibu na wauza rozari, nikaandika kwenye grupu: "Wazee wangu na ndugu zangu, shikamooni. Septemba 2022 niliandika hapa nikamwita mdogo wangu mwizi. Sikuwa na ushahidi, na hata ningekuwa nao hapa hapakuwa mahali pake. Nimemkosea yeye na nimemkosea mama. Naliondoa neno hilo mbele yenu kama nilivyolileta mbele yenu." Nikatuma kabla sijaanza kurekebisha nukta.

Halafu kimya. Tiki zikageuka buluu, majina yakaongezeka kwenye orodha ya waliosoma, kumi na mbili, ishirini, ishirini na sita. Ndani kanisani walikuwa wamefika kituo cha Veronika. Shangazi mmoja akaweka mikono iliyounganishwa. Binamu wa Ujerumani akaandika "Amina". Dakika tano baadaye mtu akatuma taarifa ya kikao cha harusi, na grupu likaendelea na maisha yake. Mdogo wangu hakuandika kitu.

Ilikuwa saa nne usiku, nimeshazima taa, simu ikawaka. Namba yake, nje ya grupu.

"Shikamoo dada. Dawa za presha za mama zimebaki za siku sita. Zile za huku amesema zinamkohoza."

Nilikaa kitandani nikaisoma shikamoo ile kwa muda mrefu kuliko nilivyosoma kitu chochote Kwaresima hii. Nikajibu marahaba, nikamwambia anitumie picha ya karatasi ya daktari, nitazinunua na nitazileta mwenyewe. Akajibu "sawa". Kuhusu miti hakuna aliyegusa.

Nimekata tiketi ya basi la saa kumi na mbili asubuhi, Jumatano, kutoka Mbezi. Bosi wangu amenipa siku tatu. Dawa ziko kwenye mkoba. Isale nitalikata hukohuko, mpakani, kwenye masale ya bibi kama bado yapo.